Soma Tarehe Kabla ya Jina: Kusajili na Kuuza Wachezaji Kwenye Football Manager

Mimi huuza viatu vya mtumba soko la Gikomba, Nairobi. Saa kumi na moja alfajiri huwa nishafika, maana bale likifunguliwa ukichelewa kidogo unakuta wenzako wameshabeba kamera, yale mapea safi ya juu, nawe unabaki kuokota yaliyosalia. Usiku nikirudi nyumbani Umoja, watoto wakishalala, nafungua laptopu na kuwa kocha wa Bath City, klabu ya daraja la sita Uingereza. Mke wangu huiita Bafu City. Niliichagua kwa sababu haina pesa, nikataka kuona kama akili ya Gikomba inafika mpaka huko.

Gemu yenyewe ni Football Manager 2024, ya kompyuta, ambamo huchezi mpira bali unakuwa kocha: unasajili, unauza na kupanga timu. Septemba 2024 duka la mtandaoni la Epic Games liliigawa bure kwa wiki moja, nami nikajipanga kwenye foleni kama watu wengine. Hiyo ya bure ilinila bando mbili na usiku mzima wa kuchunga tokeni za stima zisiishe katikati. Toleo la 2025 lilifutwa Februari 2025 kabla halijatoka, na la 2026 likaja Novemba mwaka huohuo, lakini kompyuta yangu ni mtumba kama viatu vyangu, kwa hiyo ninayoeleza hapa nimeyajaribu kwenye la 2024. Mengi yanafanya kazi hata ukiwa na toleo la zamani zaidi.

Ninaandika kwa sababu ya mpwa wangu. Yuko chuo, na amezoea EA Sports FC, mechi fupi na kelele nyingi. Likizo iliyopita nilimwekea Football Manager, akaipokea kama mtu aliyerithi duka. Siku ya pili akanipigia simu nikiwa na wateja watatu mbele yangu.

"Anko, nimepata beki wa bure! Alikuwa anacheza Championship!"

Championship ni daraja la pili Uingereza. Nikamuuliza umri. Thelathini na nne. Mshahara? Akanyamaza kidogo. "Mia sita hamsini kwa wiki. Lakini anko, ada ya uhamisho ni sufuri."

Jioni tulikaa tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya kufungia viatu. Pauni 650 kwa wiki mara wiki 52 ni 33,800. Mkataba ni wa miaka miwili, kwa hiyo 67,600. Wakala alitaka 2,500 zake juu. Jumla ni pauni 70,100, kwa mtu ambaye mkataba ukiisha atakuwa na miaka 36 na hakuna atakayempigia simu. Kwenye skrini hiyohiyo kulikuwa na beki wa miaka 21 katika klabu jirani, ada 15,000, mshahara 250 kwa wiki. Miaka miwili ya mshahara ni 26,000, ongeza ada, inakuwa 41,000, na huyo ukimtunza kuna siku utamuuza. Yule wa bure alikuwa amempita mwenzake kwa pauni 29,100. Mpwa wangu aliigeuza karatasi kuangalia kama nimekosea mahali.

Sisemi usiwasajili wachezaji huru. Nusu ya kikosi changu ni wao. Ila kabla ya kubofya kukubali, jumlisha mkataba mzima mpaka siku ya mwisho, pamoja na ya wakala na bonasi ya kusaini, halafu ndiyo uulize kama ni rahisi. Hiyo pesa haikuzuka tu. Kabla ya tarehe 15 Desemba 1995, klabu za Ulaya ziliweza kudai ada hata kwa mchezaji ambaye mkataba wake umeisha. Jean-Marc Bosman, Mbelgiji wa RFC Liège aliyezuiwa kwenda Dunkerque ya Ufaransa, alikwenda mahakamani, na siku hiyo akashinda. Tangu hapo zile pesa zilizokuwa zinaenda kwa klabu ya zamani zinagawanywa kati ya mchezaji na wakala wake. Waliotengeneza gemu wanalijua hilo, ndiyo maana mchezaji asiye na klabu hukuletea wakala aliyeshiba maneno.

Anza na daftari

Kabla ya kutafuta mtu mpya, fungua ukurasa wa kikosi chako na ubadilishe mwonekano uwe ule wa mikataba. Bofya juu ya safu ya tarehe ya kuisha ili majina yajipange. Watu wengi hawafanyi hivi hata mara moja kwa msimu, wanapanga kwa uwezo au kwa nafasi uwanjani. Mimi nina daftari la shule la kurasa 48, la mtoto aliyehamia darasa jingine, na kila Oktoba ninaandika makundi matatu: wanaoisha Juni hii, wanaoisha Juni ijayo, na wengine wote.

Kundi la pili ndilo lenye kazi. Mchezaji akibakiza miaka miwili bado ana bei. Akibakiza mmoja, kila klabu inayomtaka inajua kwamba ikivumilia kidogo itampata kwa senti chache, kwa hiyo ofa zinaanza kunyauka. Akibakiza miezi sita, kwenye meza huna chochote. Basi kila anayeingia kundi la pili ninampa mkataba mpya au ninamuuza kiangazi hichohicho. Sijipi nafasi ya tatu, kwa sababu nafasi ya tatu nimeshaijaribu, na jina lake ni hasara.

Kama unataka kuliona hili nje ya gemu, mtazame Victor Wanyama, kiungo wa Kenya. Alikulia Muthurwa, kutoka kibandani kwangu unafika kwa miguu. Celtic ya Uskoti walimchukua kutoka Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2011 kwa bei isiyofika pauni milioni moja. Miaka miwili baadaye, mkataba ukiwa bado una nguvu, wakamuuza Southampton kwa takriban milioni 12.5. Southampton walimpa miaka minne. Kufika 2016 alikuwa amebakiza mwaka mmoja, na Tottenham wakamchukua kwa takriban milioni 11. Alikuwa kiungo aliyekomaa kuliko yule aliyenunuliwa, amecheza misimu mitatu ya Ligi Kuu, na bado bei ikawa chini ya ile ya kununulia. Ilikuwa ni tarehe tu. Machi 2020 akaenda Montreal bila ada yoyote. Ukimfuata mtu mmoja huyo kutoka Glasgow mpaka Kanada umeshasoma nusu ya somo.

Kwa hiyo unaponunua, igeuze kanuni hiyo. Kwenye utafutaji wa wachezaji weka kichujio cha mkataba unaoisha ndani ya mwaka mmoja, hapo ndipo bei inapojadilika. Jina la mchezaji lifiche kwa kiganja ikibidi. Mimi nimewahi kumlipa mtu kwa sababu nilimkumbuka kutoka kwenye televisheni, na alikuwa akipumua kama gari la miraa linalopanda mlima.

Wanapopatikana, na lini

Wachezaji huru unaweza kuwasajili hata dirisha la usajili likiwa limefungwa, kwa hiyo usiwakimbilie tarehe 1 Julai. Siku hiyo mikataba mingi imeisha usiku wake, orodha imejaa, na kila mmoja anajiona kamera. Anaomba mshahara wa klabu aliyotoka. Hapo fanya jambo moja tu: waweke kwenye orodha yako ya kufuatilia, halafu endelea na mechi zako za kirafiki. Katikati ya Agosti rudi uwaulize tena. Aliyetaka 500 utamkuta anazungumza 350, maana ligi zimeanza na yeye anafanya mazoezi peke yake. Ni bei ya jioni, muuzaji ameshaanza kukunja turubai.

Lakini usingoje mpaka fagia. Kwetu fagia ni yale yanayobaki chini baada ya watu wote kuchagua, kiatu cha kushoto bila mwenzake. Mchezaji aliyekaa bila klabu mpaka Desemba huwa amekosa mechi muda mrefu, mwili umelala, na ukimwingiza uwanjani moja kwa moja atavunjika msuli wa paja ndani ya nusu saa. Ukilazimika kumchukua, mpe kwanza dakika chache na timu ya akiba.

Halafu kuna Januari. Mchezaji wa klabu ya Uingereza hutaweza kumsainisha mkataba wa awali mwezi huo kama nawe uko Uingereza, lakini wa Uskoti unaweza, akiwa amebakiza miezi sita. Anamaliza msimu kwao, anakuja kwako Julai. Mimi tarehe 1 Januari ndani ya gemu huwa nimeshaandaa majina ya ligi za chini za Uskoti, ninayarusha yote siku hiyohiyo. Na Ayalandi ni kisima ambacho sijui kwa nini watu wanakipita. Ligi yao inachezwa ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, kuanzia Februari mpaka vuli, kwa hiyo mikataba yao inaisha kuelekea mwisho wa mwaka, wakati wewe uko katikati ya msimu na beki wako wa kulia ameumia. Watu wa Ayalandi hawahitaji kibali cha kazi Uingereza. Kipa wangu wa misimu minne nilimtoa huko, wiki ya kabla ya Krismasi, kwa pauni 220 kwa wiki.

Hilo la kibali lisikie vizuri, hasa wewe Mkenya mwenye moyo wa uzalendo. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipopata Bath ni kumtafuta Michael Olunga. Nilicheka mwenyewe nilipouona mshahara wake wa Qatar. Nikashuka kwa vijana wanaocheza hapa nyumbani, nikampata winga, akakubali kila kitu, halafu kibali kikakataliwa. Tangu Januari 2021 Uingereza inapima wachezaji wa nje kwa pointi, na mchezaji wa ligi yetu anayekwenda daraja la sita huko pointi zake hazifiki popote. Na hata kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu: Januari 2010 McDonald Mariga, kaka yake Wanyama, aliikosa Manchester City kwa sababu ya kibali hichohicho. Akaenda Inter Milan, na Mei mwaka huo Inter wakabeba Ligi ya Mabingwa. Wewe hutakuwa na bahati ya aina hiyo, utakuwa umepoteza wiki mbili za dirisha. Weka kichujio cha uraia kabla ya kuota.

Kuna kitufe cha kumwalika mchezaji kwa majaribio, na kwa klabu maskini hicho ndicho skauti, yaani mtafuta vipaji, bora kuliko wote. Skauti wangu wawili wa kulipwa hawawezi kuimaliza kaunti moja. Ila mchezaji asiye na klabu ukimwita wiki mbili au tatu, anafanya mazoezi nanyi, unaweza kumchezesha mechi za kirafiki, na zile namba zilizokuwa zimefichika kwenye wasifu wake zinaanza kujitokeza moja moja. Julai huwa ninawaita kumi au kumi na wawili kwa mpigo, nabaki na wawili.

Ni kama kiatu. Juzi mtu aliniletea raba nyeupe, ukiitazama kwa mbele unasema hii haijavaliwa hata mara tano. Niliishika kisigino na ncha, nikaikunja polepole. Kwenye mkunjo, karibu na kidole kidogo, mstari mwembamba ukafunguka, na ndani nikaona gundi imekauka rangi ya asali. Ingevaliwa wiki moja. Mchezaji naye mkunje. Fungua historia yake ya majeraha, angalia amecheza mechi ngapi misimu miwili iliyopita, na usidanganywe na mabao ya miaka minne nyuma.

Mezani na wakala

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea, na ndipo ninapopata raha zaidi. Kabla ya kutuma ofa kwa klabu, muulize wakala kama mteja wake yuko tayari kuhama na anataka kiasi gani. Hailipishwi. Atakupa kiwango cha chini na cha juu. Kama cha chini kiko juu ya uwezo wako, funga ukurasa, usianze kujipa matumaini.

Mkishakaa mezani utaona vipengele vimepangwa, na kila kimoja kina alama ndogo ya kufuli. Ukiifunga unamwambia wakala kwamba hapo sisogei. Vijana hufunga kila kitu, wakala anasimama na kuondoka. Mimi nafunga kimoja tu, mshahara wa wiki, nikiwa nimeuweka kwenye kiwango changu cha mwisho. Vingine vyote naacha wazi tuchezee. Yeye akitaka kushinda, ashinde kwenye malipo ya kila mechi anayocheza, maana hayo nitalipa tu akicheza. Mchezaji mwenye magoti ya wasiwasi mpe mshahara mdogo na malipo makubwa ya mechi. Akiumia miezi minne, umelipa kidogo. Akicheza mechi arobaini, umepata mtu, lipa bila kununa.

Malipo ya kukaa benchi bila kuingia, yafute siku zote. Sijawahi kuona sababu ya kumlipa mtu ziada kwa kutazama mpira akiwa amekaa, wakati mimi nalipia kuutazama nikiwa nimesimama.

Nyongeza ya asilimia kila mwaka inaonekana ndogo. Asilimia 10 kwa mtu wa pauni 400: mwaka wa pili 440, wa tatu 484. Ukiwa na wachezaji wanane wa namna hiyo, msimu wa tatu bodi inakutumia barua. Kibaya zaidi ni nyongeza ya kupanda daraja. Nilipopanda kwenda daraja la tano nilisherehekea kwa soda na mandazi saa saba usiku, kisha asubuhi, mechi ikiwa imehifadhiwa, nikafungua mishahara nikakuta imeruka karibu theluthi nzima. Nilikuwa nimeweka nyongeza hiyo kwenye mikataba kumi na moja, kila mara nikijiambia kupanda kwenyewe ni ndoto. Sasa nikilazimishwa ninaiweka pamoja na punguzo la kushuka daraja, ili panga likate pande zote mbili.

Kipengele ninachokitafuta mimi ni haki ya klabu kuongeza mwaka mmoja ikitaka. Mawakala hukitoa kirahisi, hasa kwa vijana, na kinakuokoa kwenye ile shida ya tarehe niliyoeleza juu. Unampa kijana miaka miwili na mmoja wa hiari. Akikua unaubofya, anarudi kuwa na bei. Asipokua unamwacha aende na baraka.

Bei ya kuachiwa, ile ambayo klabu ikiilipa huwezi kumzuia mchezaji, uwe mwangalifu nayo. Wakala atakuambia ni utaratibu tu, mteja wake anapenda kujua mlango uko wapi. Ukikubali, weka namba ambayo ukilipwa kesho asubuhi hutalia. Na ukimwahidi mtu nafasi ya kuwa chaguo la kwanza, mpe. Gemu hii inakumbuka ahadi. Mchezaji mmoja uliyemvunjia neno ataanza kunung'unika, na kufika Jumanne chumba kizima kinanuna naye.

Wakala akiudhika kabisa na kuondoka, usimfuate. Pita na majina mengine, rudi baada ya wiki kadhaa. Mteja anayetoka kibandani kwangu kwa hasira ninamwangalia mgongo tu. Asipokipata kiatu kama kile mbele huko, anarudi, na huwa haulizi tena kama bei inashuka.

Kubadilishana

Kubadilisha mchezaji kwa mchezaji na kuongeza pesa juu kunavutia sana waanzaji. Mpwa wangu alikuwa akitaka kila biashara iwe hivyo. Mfano mkubwa duniani ni wa 2009, Barcelona walipomtoa Samuel Eto'o pamoja na mamilioni ya yuro wakapewa Zlatan Ibrahimović. Mwaka uliofuata Eto'o na Inter yake waliitoa Barcelona nusu fainali wakabeba kombe, ndiyo ile Inter ya Mariga. Ibrahimović hakumaliza hata misimu miwili Barcelona.

Kwenye gemu tatizo ni kwamba upande wa pili huona mchezaji wako ana thamani ndogo kuliko unavyomwona wewe, na bado mchezaji huyo lazima akubaliane nao mshahara. Mara nyingi anakataa siku ya mwisho na biashara yote inakufa. Mimi nabadilishana tu pale ninapotaka kumwondoa mtu mwenye mshahara mzito na klabu ile imeshamwonyesha nia. Vinginevyo muuze, chukua pesa, kisha nunua. Biashara mbili ndogo hufungwa haraka kuliko moja yenye mafundo.

Kuuza

Usisubiri upigiwe. Toleo hili lina madalali unaoweza kuwapa kazi ya kumtafutia mchezaji wako klabu, nao wanachukua chao akiuzwa. Kwa mtu wa mshahara mkubwa asiyetakikana ninawatumia. Kwa kijana anayeng'aa siwatumii, klabu zitakuja zenyewe.

Zikija, usipigane kwa ajili ya ada ya leo peke yake. Winga wangu wa kushoto nilimuuza League Two, daraja la nne, kwa pauni 40,000, na nikaomba asilimia 30 ya mauzo yake yajayo. Sikiliza vizuri hapo, kuna vipengele viwili vinavyofanana kama mapacha: asilimia ya mauzo, na asilimia ya faida. Misimu mitatu baadaye wakamuuza 600,000. Mimi nikapata 180,000. Ningekuwa nimebofya kile cha faida, wangetoa kwanza zile 40,000 zao, ningepata 168,000. Hizo 12,000 zinalipa mshahara wa kijana wa 230 kwa mwaka mzima. Ofa ikija kwa mafungu ya miaka mitatu, napenda, mradi fungu la kwanza linaziba shimo lililopo.

Sasa ile hasara niliyoitaja. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na mshambuliaji niliyemtoa kwenye majaribio. Daraja la sita unaweza kumchezesha mtu bila mkataba rasmi, analipwa akiwa nawe, hakuna anayemfunga mwenzake. Nikasema vizuri sana, akiharibika namwacha. Akafunga mabao 11 kufika Desemba. Kila wiki nilijiambia nitampa mkataba wiki ijayo, maana alitaka 300 na mimi nilikuwa nampa 180. Usiku mmoja nikabofya kuendelea, ikaja habari ya mistari miwili: amejiunga na klabu ya daraja la juu yetu. Hawakunilipa chochote, na hawakuhitaji hata kuniuliza. Kwa sababu ya tofauti ya pauni 120 kwa wiki. Nilifunga laptopu, na kesho yake sokoni niliuza pea moja ya ngozi kwa bei ya hasara bila kujitambua. Tangu hapo mchezaji asiye na mkataba akifunga bao la tatu, anapata karatasi siku hiyohiyo.

Kama una vijana walio chini ya miaka 24, jua pia kwamba kwa Uingereza ukimpa ofa ya mkataba mpya akaikataa na kuondoka mkataba ukiisha, una haki ya fidia. Kwa hiyo mpe ofa hata kama unajua atakataa. Usipompa, umeitupa fidia hiyo.

Jambo la mwisho ni la tarehe 29 Juni ndani ya gemu. Usibofye kuendelea. Fungua tena ule mwonekano wa mikataba, panga kwa tarehe, na usome kila jina lililo juu kwa sauti, hata kama mke wako atauliza unaongea na nani. Mwaka jana wangu wa gemu nilisoma majina sita. Watano nilikuwa nimeamua waende. Wa sita alikuwa nahodha, ameisha kesho yake, na wakala wake bado alikuwa akipokea simu.